Kutwa mara tatu kwa mtu anayekula mara mbili

Hoteli za Karatu zinawajua wageni wao kwa saa za kula. Mpishi anajua kwamba Wahispania hawana haraka ya kuketi mezani kabla ya saa tatu usiku, na kwamba wanaoteremka kreta ya Ngorongoro alfajiri lazima wakute chakula chao kimeshafungwa kwenye maboksi. Waongozaji watalii nao wamejifunza Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na siku hizi Kichina, wengine kwa ada zilizotoka mifukoni mwao. Hakuna anayeona ajabu. Mgeni analipa, na anayelipwa ndiye anayejipinda. Ila mgeni yule hukaa siku tatu nne akaondoka. Yupo mwingine anayepita barabara hiyohiyo ya watalii, akaiacha lami, akaendelea na vumbi kwenda mahali atakapokaa miaka. Mshahara wake unatokana na kodi zetu, na hata neno mgeni hatumwiti. Ni muuguzi aliyezaliwa Kasulu, ni mwalimu wa kutoka Newala, ni mtendaji wa kata aliyekulia Mbagala, amepangiwa kituo cha kazi Piyaya. Huyu hatumwandai kwa lolote. Nadai kwamba tunapaswa kumfundisha, kabla hajaripoti, lugha ya watu anaokwenda kuwahudumia na jinsi siku yao inavyokwenda, hasa saa wanazokula. Tusipofanya hivyo, inayoharibika ni kazi yenyewe aliyotumwa kuifanya, wala si raha yake peke yake.

Piyaya ni kata ya wafugaji katika Wilaya ya Ngorongoro, kwenye nyanda zinazopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kutoka Karatu mjini mtu havuki mpaka wa nchi wala haonyeshi pasipoti, lakini kwa hesabu ya lugha amesafiri mbali kuliko aliyetoka Dar es Salaam kwenda Kampala. Ukanda huu wa Bonde la Ufa ndio unaokusanya makundi yote manne ambayo wataalamu wamezoea kuyagawia lugha za Afrika. Wairaki wa Karatu wanasema lugha ya Kikushi, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wana lugha yao yenye vidoko, Wasonjo ni Wabantu, na Wamaasai pamoja na Wadatoga ni Waniloti. Mtumishi aliyekulia kwenye Kiha au Kimakonde akipelekwa kwa Wasonjo anaweza kubahatisha neno hapa na pale, maana mizizi ni ya ukoo mmoja. Akifika Piyaya hana pa kushika. Kiswahili kitamfaa kwenye mkutano wa kijiji, shuleni, mnadani, na kwa vijana wengi. Kwa bibi aliyemleta mjukuu mwenye homa, au kwa mama ambaye hakubahatika kwenda shule, hakitamfikisha mbali. Na mabibi na mama hao ndio wanaojaza benchi la zahanati yoyote ya kijijini.

Saa za kula ni ngumu zaidi kuzitambua kuliko lugha, kwa sababu hakuna anayezitangaza. Mtu wa mjini au wa pwani amekulia kwenye milo mitatu: chai asubuhi, chakula cha mchana kama saa saba, cha usiku saa mbili, na ajira ikamwongezea chai ya saa nne. Anadhani ndivyo binadamu alivyoumbwa. Kwenye boma la Wamaasai siku inapangwa na mifugo. Wanawake hukamua kabla ng'ombe hawajatoka, na hukamua tena wakirudi jua likizama. Maziwa yapo nyakati hizo mbili, na mlo unayafuata maziwa. Katikati ya mchana mchungaji yuko malishoni, mara nyingi bila kitu tumboni, na mama yuko njiani kutafuta maji au kuni. Kiangazi kikikaza na mifugo ikahamishiwa ronjo, yaani kambi za malisho za muda, waliobaki nyumbani wanabaki na maziwa kidogo na unga mwingi, na hesabu ya milo inabadilika tena. Niseme mapema kwamba siwazungumzii Wamaasai wa kwenye kadi za posta. Ugali umeingia mabomani siku nyingi, chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha ndiyo kifungua kinywa cha wengi, na wapo wanaokula mchana sawasawa na mkazi wa Dodoma. Lakini kilichobadilika zaidi ni kile kilichomo kwenye sufuria. Saa ya kuipakua, kwa familia inayoishi kwa mifugo, bado inaamuliwa na ng'ombe.

Sasa tazama bahasha ndogo ya dawa ambayo kila Mtanzania ameishika. Imeandikwa moja mara tatu, na anayeikabidhi anaongeza kwa mdomo: baada ya chakula. Ni maelekezo mafupi, yanafahamika nchi nzima, na yamebeba ndani yake imani kwamba mgonjwa anakula mara tatu kwa siku. Mama anayekula asubuhi na jioni atayatii vipi? Akishika sharti la chakula atameza mara mbili. Akishika sharti la mara tatu, itabidi moja aimeze bila chakula, jambo aliloambiwa asilifanye. Amoksilini, kwa mfano, hupangwa kila baada ya saa nane ili kiwango chake mwilini kisishuke. Anayemeza mara mbili badala ya tatu amepoteza theluthi ya dozi. Atarudi baada ya wiki, kikohozi kilekile, na ataonekana mgonjwa asiyefuata masharti. Kumbe kayafuata neno kwa neno. Uchungu zaidi ni kwamba amoksilini wala haidai chakula: inamezwa na mlo au bila mlo. Yale maneno matatu ya nyongeza hutamkwa kwa mazoea tu, na pale Piyaya mazoea hayo yanakula dozi ya tatu.

Maziwa nayo yana mambo yake. Dawa za jamii ya tetrasaikilini hushikana na kalsiamu ya maziwa, na sehemu ya dawa hupita tumboni bila kuingia kwenye damu. Mmojawapo wa wanajamii hao, doksisaiklini, hupoteza kidogo kuliko ndugu zake, lakini ndiyo inayotumika, pamoja na dawa nyingine, kutibu homa ya brusela kwa muda wa wiki sita. Homa hiyo huwapata watu kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kushika mazao ya ng'ombe na mbuzi walioambukizwa. Kwa hiyo mfugaji anaweza kuupata ugonjwa kwenye kibuyu cha maziwa, kisha akaimezea dawa kwa maziwa ya kibuyu kilekile, kwa wiki sita, bila mtu kumuuliza. Swali hilo haliwezi kumjia muuguzi ambaye kwao dawa humezwa kwa maji na mlo maana yake ni ugali na mboga.

Halafu kuna upande ambao Piyaya ingeweza kuishinda hata Dar es Salaam. Dawa ya mseto ya malaria, ALu, ambayo nchi yetu ilianza kuitumia kama chaguo la kwanza mwishoni mwa mwaka 2006, hutolewa dozi 6 kwa siku 3. Ya pili inafuata saa 8 baada ya ya kwanza, na zinazobaki ni asubuhi na jioni. Inaingia mwilini vizuri zaidi ikimezwa na chakula chenye mafuta, na maziwa ni mojawapo ya vinavyopendekezwa. Mgonjwa wa Manzese huambiwa atafute chochote chenye mafuta na ajitahidi kukumbuka saa. Mgonjwa wa boma anacho kinachotakiwa, kwa saa zinazotakiwa, mara mbili kwa siku. Kwa dozi hizo zinazobaki angeambiwa tu ameze ng'ombe wanapokamuliwa, maelekezo yangekuwa yamekamilika, na hakuna saa ya mkononi ambayo ingehitajika. Anayeweza kumwambia hivyo ni mtu anayejua ng'ombe wanakamuliwa saa ngapi, na anayeweza kulisema hilo kwa Kimaasai.

Atakayeniambia kwamba tiba haiwezi kufuata saa za kula za kila jamii, namkumbusha Ramadhani. Zanzibar, Tanga, Kilwa, mwezi ukiandama hakuna daktari mwenye akili zake anayeandika dawa ya saa saba mchana bila kuuliza kwanza kama mgonjwa anafunga. Akifunga, dozi zinahamishiwa futari na daku. Dawa isiyovumilia hivyo inabadilishwa, na mgonjwa wa kisukari anapangiwa upya au anashauriwa asifunge. Hakuna mtu anayeyaita hayo upendeleo. Yanaitwa utabibu. Tumeyaweza kwa sababu watabibu wengi wanaijua Ramadhani toka utotoni, ama kwa kufunga wenyewe ama kwa jirani yao. Boma hawalijui, na hatujataka walijue. Kijana wa rika la morani kwa desturi hali wala hanywi maziwa peke yake, sharti awe na wenzake, na nyama haili mbele ya wanawake walioolewa. Desturi hiyo imelegea sehemu nyingi, lakini haijafa. Kumwambia kijana wa namna hiyo aende nyumbani, mama yake ampe chakula, kisha ameze dawa, ni kumpa maelekezo ambayo heshima yake inaweza isimruhusu kuyatekeleza, na hatasema. Ataitikia tu kwa kichwa na kuondoka.

Pingamizi zito kuliko yote ni la umoja. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, wataniambia, na ukianza kuwafundisha watumishi Kimaasai, kesho kila wilaya itadai lugha yake, keshokutwa tutaulizana makabila maofisini. Silidharau pingamizi hili. Taifa hili liliacha kuuliza kabila kwenye sensa baada ya ile ya mwaka 1967, na mwaka huohuo likakifanya Kiswahili lugha ya kufundishia shule za msingi. Yalikuwa maamuzi ya makusudi na yametuletea amani ambayo majirani wanaitamani. Lakini umoja ule ulikuwa na nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kumtoa mtoto wa Bukoba akasome Songea na kumpeleka mwalimu wa Songea Ngorongoro. Ya pili ni kwamba akifika aishi na watu. Tumeshika ya kwanza, ya pili tumeiachia bahati. Ukabila ni kusema kwamba Mmaasai atahudumiwa na Mmaasai tu. Mimi nasema kinyume chake: Mmakonde amhudumie Mmaasai, tena vizuri, na muuguzi Mmaasai akipangiwa Newala afundishwe Kimakonde vilevile. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yenyewe inataka jamii ziendelee kuzitumia lugha zao na kujivunia. Na mahakama, ambazo tangu mwaka 2021 sheria imezielekeza kwenye Kiswahili, hazimsomei mtuhumiwa mashtaka kwa lugha asiyoielewa. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka atafsiriwe, kesi isikike kwa lugha anayoielewa. Kama mtuhumiwa wa kuiba ng'ombe ana haki hiyo, sioni kwa nini mjamzito asiwe nayo.

Wengine husema jamii ndiyo ijifunze, shule zipo. Jamii inajifunza, na kuanzia utotoni. Mtoto wa Piyaya anaingia darasani na miaka sita, anakuta Kiswahili ambacho nyumbani hakitumiki, anakuta uji wa saa nne pale unapopikwa na njaa ya mchana ambayo ratiba imeiweka palepale kwa watoto wote nchini. Akifika kidato cha kwanza anakuta Kiingereza. Amekwisha kuhama lugha mbili kabla hajabalehe. Mtu mzima mwenye stashahada, anayelipwa mshahara, kuombwa ahame nusu lugha kwa wiki chache si dhuluma.

Wakalimani je? Ndiyo njia tunayoitumia, kimyakimya. Mlinzi wa zahanati anaitwa ndani, au mwanafunzi aliyemsindikiza mama yake anageuzwa mkalimani. Kwa kidonda cha mguu inatosha. Kwa mwanamke anayetokwa damu isiyo ya kawaida, mwanawe wa kiume akiwa ndiye anayetafsiri, haitoshi hata kidogo: atasema tumbo linauma, na atatibiwa tumbo. Heshima ya rika na ya mkwe kwa Wamaasai ni kali kuliko tunavyoizoea, na mambo mengi ya uzazi hayasemeki mbele ya watu fulani hata kama ni watu wema. Serikali ilizindua mwaka 2024 mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu wanaotoka kijijini hapohapo, na hilo limepunguza tatizo pale walipofika. Ila mhudumu huyo hapangi tiba. Anayeamua dawa ipi na saa ngapi ni yule aliyeketi nyuma ya meza, na kama hajui aulize nini, mkalimani mzuri kuliko wote atamtafsiria maswali yasiyofaa kwa ufasaha mkubwa. Kuwasomesha vijana wa Piyaya wenyewe wawe wauguzi na walimu ni jambo la lazima, na wapo wanaosoma. Ni kazi ya miaka mingi, na hata ikikamilika hatutaki kituo cha kazi kiwe mali ya kabila.

Linabaki la kuhama. Watumishi hawakai maeneo ya pembezoni. Ukiwafundisha leo, mwakani wameshapata uhamisho. Kweli wanahama, na lugha peke yake haitawazuia: nyumba, maji, mtandao wa simu na barabara wakati wa mvua vina uzito zaidi. Lakini wanaotoa pingamizi hili hawalijibu swali la mgeni mwingine, yule wa kutoka nje. Vijana wa Kimarekani wa Peace Corps, ambao kundi lao la kwanza lilifika Tanganyika mwaka 1961, hufundishwa Kiswahili kwa wiki kadhaa wakilala na kula kwenye nyumba za familia, na wakijua fika kwamba baada ya miaka 2 watarudi kwao. Wamisionari wa Kikatoliki walipelekwa shule ya lugha Makoko, Musoma, kabla ya kupewa parokia. Wadenmaki walijenga kituo chao Usa River kwa kazi hiyohiyo. Padri Frans Mol, Mholanzi aliyefanya kazi upande wa Kenya, alikijua Kimaasai kiasi cha kuchapisha kamusi yake mwaka 1978. Hatujawahi kusikia mashirika hayo yakilalamika kwamba fedha ya lugha imepotea kwa kuwa mtu alihama. Wao waliona kwamba wiki zile ndizo zinazoifanya miaka 2 iwe na maana. Mtanzania mwenzetu anapewa barua, posho ya kujikimu na nauli, na tunategemea kwamba kwa kuwa ni Mtanzania basi Piyaya ni kwao.

Sidai kila muuguzi awe fasaha. Kimaasai kina mabadiliko ya toni yanayomshinda hata mtu wa miaka mingi, na kujidai utakitema kama mwenyeji baada ya mwezi ni kujichekesha. Ninachotaka ni kidogo: salamu zinazotofautisha mzee na kijana, mwanamke na mwanamume, kwa kuwa kule kumsalimia mtu mzima kama mtoto ni kuanza vibaya, maneno ya mwili na maumivu, namba, nyakati za siku, na maswali matatu ya lazima, yaani umekula nini, saa ngapi, na utakula tena lini. Kwa mwalimu, jinsi ya kumuuliza mtoto kama amekula toka jana jioni. Mafunzo elekezi ya waajiriwa wapya tayari yapo, na hutumika kueleza maadili ya utumishi, likizo na nidhamu. Wiki tatu zaidi, zikafanyika Loliondo au Malambo badala ya ukumbi wa hoteli, zikifundishwa na walimu na wauguzi wastaafu wa hukohuko na akina mama wanaojua boma linavyoamka, hazitaifilisi halmashauri. Zinaweza hata kugharimu pungufu ya semina moja ya makao makuu.

Na mengine hayangoji bajeti. Kliniki ya watoto ikifunguliwa saa mbili asubuhi, inamwita mama katika saa aliyo na kazi kuliko zote: amekamua, anatenga ndama, anagawa maziwa, bado maji, na zahanati iko mbali kwa miguu. Akifika saa tano anakuta foleni imekwisha na chupa ya chanjo imeshafungwa, kwa kuwa haifunguliwi kwa mtoto mmoja. Kuisogeza kliniki hiyo ianze saa tano kunahitaji mganga mfawidhi, kalamu, na tangazo moja kwenye mnada.